Mtihani wa kwanza wa mikanda katika dojo jipya la Shotokan: tupime nini, na magi (mavazi ya karate) tushoneshe vipi?

MsaidiziTanga

Wakuu, habari za jioni. Tuna darasa jipya (dojo) la karate ya mtindo wa Shotokan, linafanyika kwenye ukumbi wa shule mara tatu kwa wiki. Wengi ni watoto wa miaka 8 hadi 15, na watu wazima wachache. Mwalimu mkuu ana dan (daraja la mkanda mweusi) ya pili, mimi namsaidia nikiwa na mkanda wa kahawia. Wazazi wameanza kuuliza mtihani ni lini na mkanda gani unanunuliwa. Naomba wenye ujuzi watuelekeze:

Mtihani wa kwanza upime nini hasa, na baada ya muda gani? Rangi za mikanda tuzipange vipi? Gi la dukani ni bei kubwa kwa wazazi wengi. Je, fundi cherehani wa mtaani anaweza kulishona likafaa? Mabinti wanaovaa hijabu wavae vipi? Tena tuna vijana wawili waliotoka Goju-ryu (mtindo mwingine wa karate) na mikanda ya kijani, na mmoja wa taekwondo mwenye mkanda nusu nyekundu nusu nyeusi. Hao tuwaweke wapi?

Kokutsu70

Ndugu, anzeni na mtaala, mikanda baadaye. Andikeni kila kyu (daraja la chini ya mkanda mweusi, namba inashuka mtu anapopanda) inadai nini, mbandike ukutani mtoto na mzazi wasome. Dojo likinunua mikanda kwanza ndipo litafute cha kupima, linaishia kugawa rangi.

Kuhusu rangi, hakuna orodha moja ya dunia nzima, hata ndani ya Shotokan yenyewe. Chama hiki kinatoa njano kwenye kyu ya 8, kile kinatoa chungwa kwenye kyu ya 9. Kinachoeleweka popote utakapokwenda ni namba ya kyu. Kwa hiyo tazameni dan ya mwalimu mkuu imesajiliwa wapi, mfuate rangi za huko. Kama mko huru kuchagua, mpangilio huu hauna shida: kyu ya 9 abaki na nyeupe yenye mstari mmoja wa rangi kwenye ncha, ya 8 njano, ya 7 chungwa, ya 6 kijani, ya 5 bluu, ya 4 zambarau, kisha ya 3, 2 na 1 zote kahawia.

Kata (mifululizo ya mbinu iliyopangwa) zinapanda sambamba na kyu: Heian Shodan kwa ya 8, Nidan kwa ya 7, Sandan kwa ya 6, Yondan kwa ya 5, Godan kwa ya 4, Tekki Shodan kwa ya 3. Kuanzia hapo ni Bassai Dai, na baadaye mwanafunzi achague yake kati ya Kanku Dai, Jion na Enpi.

Muda msihesabu kwa miezi mitupu. Miezi mitatu kwa vipindi vitatu kwa wiki ni vipindi kama 36. Wekeni sharti la kuhudhuria angalau 30. Mtoto aliyeandikishwa Januari na kuja mara kumi hajamaliza miezi mitatu ya mazoezi, hata kalenda ikisema nini. Kwenye kahawia, miezi sita kwa kila hatua ndiyo ya chini kabisa.

Sasa mtihani wa kyu ya 8 wenyewe. Kihon (mbinu za msingi) kwa hesabu ya mwalimu: oi-zuki (ngumi ya kusonga) hatua tano mbele, age-uke (kizuizi cha juu) hatua tano nyuma, soto-uke (kizuizi cha kutoka nje kuingia ndani) mbele, shuto-uke (kizuizi cha ubavu wa kiganja) nyuma kwa kokutsu-dachi (msimamo wa uzito nyuma), mae-geri (teke la mbele) mbele. Hapo tazama miguu kabla ya mikono. Katika zenkutsu-dachi (msimamo mrefu wa mbele) miguu inatakiwa iachane kwa upana wa mabega, goti la mbele likunjwe mpaka usawa wa vidole, mguu wa nyuma unyooke na kisigino kibaki sakafuni. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kuweka miguu yote miwili kwenye mstari mmoja, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Akienda mbele halionekani sana, ila akigeuka anayumba. Dawa yake ni chaki: chora mistari miwili sakafuni kwa upana wa mabega yake, afanye hatua zake zote akiwa na mguu mmoja kila mstari. Kosa la pili ni hikite, ule mkono unaorudi. Watoto wanauacha kwenye tumbo au unashuka chini ya mkanda. Ukirudi ovyo, hata ngumi ya mbele inatoka bila nyonga.

Heian Shodan ina hatua 21, na kuna sehemu tatu zinazokuonyesha kama mtoto ameijua au anamfuata mwenzake kwa jicho la pembeni. Ya kwanza ni hatua ya 4, tettsui. Hapo mguu wa mbele unarudi nyuma kidogo, mwili unainuka, ndipo nyundo ya ngumi inashuka. Asiyeijua anapitiliza moja kwa moja kwenye ngumi. Ya pili ni kiai (ukelele wa nguvu), mbili tu: kwenye age-uke ya tatu (hatua ya 9) na kwenye oi-zuki ya tatu ya mstari wa kurudi (hatua ya 17). Ya tatu ni shuto-uke nne za mwisho. Kokutsu-dachi inataka uzito karibu asilimia 70 uwe mguu wa nyuma, na watoto waliozoea zenkutsu wanaegemea mbele. Mwambie asimame hapohapo ainue mguu wa mbele bila kusogeza mwili. Akishindwa, uzito haukuwa nyuma.

Mwisho wa kata anatakiwa awe amerudi pale alipoanzia. Weka alama ya mkanda wa gundi sakafuni. Akimalizia nusu mita mbele au pembeni, hatua zake hazina urefu sawa, na hilo ni jambo la kumweleza waziwazi.

Kumite (pambano la wawili) ni gohon: hatua tano, jodan (usoni) kwanza kisha chudan (kiwiliwili). Mshambuliaji ataje anakolenga, kisha alenge kweli, na ngumi isimame kabla ya kugusa. Wanafunzi wanaopendana wanapiga pembeni ya kichwa kwa kuoneana huruma, na ukiruhusu hivyo anayezuia hakupimwa kitu. Anayezuia arudi nyuma kwa mstari mnyoofu, na baada ya kizuizi cha tano ajibu kwa gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) na kiai.

Msiwapange zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Wakiwa wanane jicho halifiki kwenye miguu. Kila sehemu alama 10, kufaulu ni 6 katika kila sehemu, na alama nzuri za kata zisimbebe aliyeanguka kihon. Na kwenye meza asikae anayewafundisha kila siku akiwa peke yake. Alikeni japo mtu mmoja wa dojo jingine.

Fundi_Drili

Gi nzuri inashonwa hapahapa, ila fundi akipewa picha tu atakutolea pajama. Mpe maelezo.

Kitambaa: drili nyeupe ya pamba, au pamba iliyochanganywa na polista. Tetroni nyepesi iacheni. Ikilowa jasho inanata mgongoni, mkono hauendi. Magi ya wanaoanza huwa ya aunsi 8, yaani gramu kama 270 kwa mita ya mraba. Ya aunsi 12 hadi 14 ni ya wakubwa wanaotaka kitambaa kizito kinachokaa wima. Kwa joto la Tanga, watoto wabaki na aunsi 8.

Kabla ya kukata, kitambaa kilowekwe kwenye maji ya moto usiku mzima, kianikwe, kipigwe pasi. Pamba inaruka, hasa kwa urefu. Kipande cha mita mbili kinaweza kupungua sentimita kumi. Fundi akikata kabla ya kuloweka, suruali iliyokaa vizuri siku ya kwanza itakuwa katikati ya ugoko baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Kwa kitambaa cha upana wa sm 150, mtoto wa urefu wa sm 140 anahitaji mita 2 na nusu, mtu mzima wa kimo cha kawaida mita 3 hadi 3 na nusu.

Sehemu inayoamua uhai wa suruali ni msambani. Mishono minne ikikutana pale kwa msalaba, mae-geri ya kwanza ya nguvu inaipasua. Inatakiwa kipande cha pembe nne kiingizwe kati, sm 12 kwa 12 kwa mtoto, 15 au 16 kwa mtu mzima, kilazwe kwa umbo la almasi. Kwapani vilevile, kipande cha sm 10. Fundi wengi hawakiweki kwapani kwa sababu hawakizoei kwenye mashati, na matokeo yake mwanafunzi akinyanyua mkono kwa age-uke koti zima linapanda na kutoka ndani ya mkanda.

Mishono iwe ya kukunja na kupiga mara mbili kama ya jinzi, kwa uzi wa polista. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho. Kola ni mkunjo wa tabaka kadhaa, upana wa sm 5 ukimalizika, wenye mistari minne au mitano ya cherehani. Mwisho wa mikono na miguu mistari mitatu. Mbavuni acheni mpasuo wa sm 10 hadi 15 pande zote mbili, la sivyo koti linabana nyonga kwenye kokutsu. Kamba za kufungia ni jozi mbili: jozi ya ndani inafunga upande wa kulia wa koti kwenye ubavu wa kushoto, jozi ya nje inafunga upande wa kushoto kwenye ubavu wa kulia. Kushoto ndiko kunakaa juu, kwa mvulana na msichana pia, na fundi aliyezoea blauzi atageuza usipomwambia.

Kwa anayekua, acha pindo la sm 5 ndani ya mikono na miguu, liachiliwe mwakani. Watoto wasikunje mikono ya koti kwa nje. Mkunjo unanasa vidole vya mwenzake.

BintiKumite

Naongezea vipimo vya mashindano, kwa sababu mzazi akishonesha gi moja ni vizuri ifae hata siku mtoto akienda kushindana. Kanuni za WKF (Shirikisho la Karate Duniani): koti likifungwa mkanda lifunike nyonga, lisizidi robo tatu ya paja. Mkono wa koti usipite kifundo cha mkono, na usiwe mfupi kuliko nusu ya mkono kati ya kisugudi na kiganja. Suruali ifunike angalau theluthi mbili za ugoko, isishuke chini ya kifundo cha mguu. Kukunja hakuruhusiwi. Wasichana wanaruhusiwa fulana nyeupe isiyo na maandishi ndani ya koti, na mimi naona iwe lazima hata kwenye mazoezi, maana koti linafunguka kwenye kumite.

Hijabu inaruhusiwa na WKF, ila ya aina iliyoidhinishwa: nyeusi, isiyo na mapambo, inafunika nywele na kuacha koo wazi. Kwa mazoezi na mitihani ya dojo hamfungwi na hilo. Mabinti wavae ya kitambaa cha kuvutika kinachoshonwa mviringo, ivaliwe kichwani moja kwa moja na kuingizwa ndani ya kola. Shingo ikifunikwa na kitambaa laini chepesi hakuna tatizo. Jambo moja msilikubali kabisa: pini. Hata ile ndogo ya usalama, akianguka au akishikwa kola, inamchoma yeye au mwenzake. Vilevile mitandio ya kuzungushia. Ncha zake zinafunguka na mtu anaweza kuikanyaga. Waelezeni wazazi kabla ya siku ya mtihani, binti asije kuvuliwa kitu mbele za watu. Hereni, bangili na kucha ndefu navyo vimalizwe nyumbani.

MsaidiziTanga

Ahsanteni sana wakuu, hili la kipande cha msambani peke yake litatuokolea suruali nyingi. Bado nauliza mambo mawili. Mikanda ya watoto inafunguka kila dakika tano, tunasimamisha darasa kufunga. Na kuna mzazi ameambiwa mkanda haufuliwi, kwamba ukifuliwa unapoteza heshima. Hilo lina msingi?

UkandaWaJudo

Halina. Ile hadithi kwamba mkanda mweupe uligeuka mweusi kwa uchafu wa miaka haina ushahidi. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 na wanafunzi wake wa dan wakaanza kuvaa mikanda myeusi miaka ya 1880. Mikanda hiyo ilikuwa myeusi tangu mwanzo. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, alichukua utaratibu huohuo wa dan akatoa za kwanza za karate Aprili 1924. Hizi njano, chungwa na kijani zilienea kutoka Ufaransa miaka ya 1930, kwa Mikinosuke Kawaishi aliyekuwa akifundisha judo Paris, ili mwanafunzi aone hatua zake kabla ya kufika mbali. Ni chombo cha kufundishia. Kwa hiyo watoto wadogo mnaweza kuwaongezea mistari katikati ya rangi mbili bila kukosea mila yoyote.

Mkanda unabeba jasho, na ukihifadhiwa mbichi unaota ukungu na kunuka. Ufueni. Mkanda mpya wa rangi ufuliwe peke yake kwa maji baridi mara mbili au tatu, kwa sababu unatoa rangi. Ukilowekwa na gi usiku mmoja, gi inakuwa ya njano kiunoni na haitoki. Gi yenyewe: sabuni ya mche, maji baridi, jua. Jiki kwenye kitambaa chenye polista inaleta umanjano badala ya weupe, na kwenye pamba inakula nyuzi. Tone la bluu ya kufulia kwenye maji ya kusuuza linatosha. Damu isafishwe mapema kwa maji baridi na chumvi. Maji ya moto yanaigandisha humo.

Kufunguka kwa mkanda mara nyingi ni fundo, wakati mwingine ni urefu. Urefu kwanza: pima kiuno juu ya koti, zidisha kwa mbili, ongeza sm 85 hadi 90. Mtoto wa kiuno sm 60 anahitaji mkanda wa sm 205 hadi 210. Wakinunuliwa mikanda ya sm 260 yote, ncha zinafika magotini, watoto wanazikanyaga na kuzivuta.

Kufunga bila msalaba mgongoni: weka ncha moja mbele ya kiuno, ishikilie. Zungusha upande mrefu mara mbili, tabaka la pili lilale juu ya la kwanza sawasawa. Ukirudi mbele, pitisha ncha ndefu chini ya tabaka zote mbili itokee juu, vuta ncha mbili zilingane, kisha funga fundo la pili. Fundo sahihi ncha zake zinatoka kushoto na kulia, zimelala. Ncha moja ikielekea juu na nyingine chini, amevusha upande uleule mara mbili, na fundo la namna hiyo halikai. Afungue la pili tu, avushe upande wa pili. WKF wanataka ncha zibaki angalau sm 15 kila upande wa fundo. Sisi wa judo ni sm 20 hadi 30.

Mkanda mpya wa polista unateleza hata fundo likiwa sahihi. Ufue, ukunjekunje, baada ya wiki chache unalainika na kushika.

Kokutsu70

Narudi kwenye wale vijana watatu.

Wa Goju-ryu wasivuliwe walichokipata, lakini msiwapandishe pia. Wamejifunza kata za Gekisai na kusimama sanchin-dachi, msimamo wa hatua fupi. Shotokan inawadai zenkutsu ndefu na Heian wasizozijua. Wabaki na kijani mazoezini ikiwa wana vyeti, na kabla ya kuomba bluu wafanyiwe mtihani wa Heian Shodan hadi Sandan kwa kiwango cha kyu ya 6. Itawachukua miezi mitano au sita kwa kijana mwenye bidii. Asiye na cheti aanze na nyeupe, na akionekana yuko mbele apewe mtihani wa kuruka kyu moja, isizidi mbili.

Wa taekwondo, mkanda ule nusu nyekundu nusu nyeusi ni poom. Kukkiwon (makao makuu ya taekwondo, Korea) wanautoa badala ya dan kwa walio chini ya miaka 15, na akifikisha umri huo anaweza kuubadilisha kuwa dan. Mwambieni aitunze karatasi yake vizuri. Kwenye darasa lenu avae nyeupe, kwa kuwa poomsae (kata za taekwondo) na kata zenu hazilingani na mfumo wa ngumi ni mwingine. Teke lake litakuwa juu kuliko la wenzake wote. Mwangalieni mikono, wengi wanaiachia chini wanapopiga.

Mtoto aliyefeli asiambiwe "umefeli" halafu basi. Aambiwe sehemu moja, mbili, za kurekebisha, arudie hizo tu baada ya mwezi, bila kulipa tena. Ada itangazwe mapema na ijumuishe mkanda na cheti. Mzazi akidaiwa mara tatu kwa mtihani mmoja anamtoa mtoto, na ana haki.

Cheti kiandikwe jina kamili, mtindo, namba ya kyu (si rangi peke yake), tarehe, namba ya usajili wa dojo lenu, jina na dan ya mtahini, na sahihi yake. Nakala ibaki kwenye daftari la dojo, mstari mmoja kwa kila mtihani pamoja na alama za kihon, kata na kumite. Mtoto akihamia Dodoma au Mombasa, mwalimu wake mpya akipiga simu mnamsomea mstari huo.